Waini ya moto na dharau ya bure: nilivyompeleka kaka yangu kula Kilimani

Sirudi pale. Nalisema kwanza ili asiye na muda wa kusoma aondoke na hilo tu, ingawa nikifika kwenye habari ya samaki mtaniona nikilegea.

Kaka yangu alikuja Nairobi na wifi, mwisho wa mwezi hivi, kama sikosei ilikuwa Jumamosi. Ni seremala huko Mombasa. Baba alipofariki ndiye aliyenilipia karo hadi nikamaliza sekondari, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimwahidi kwamba siku moja nitamketisha mahali pazuri, kwenye kitambaa cheupe, na bili niilipe mimi. Nikachagua mkahawa mmoja wa Kilimani unaojisifu kwamba kila sahani ina kinywaji kilichochaguliwa kwa ajili yake. Bei zao na orodha ya vyakula mtajitafutia wenyewe, mimi sina haja nazo.

Tulianza na changu wa kupaka. Jamani. Ngozi imeshika moshi wa makaa, tui ni zito, bizari haijazidi, na mpishi hakuogopa pilipili. Wakatumiminia Chenin Blanc ya Afrika Kusini, waini nyeupe inayoitwa kwa jina la zabibu yake, chupa inatoka jasho. Zabibu hiyo imetapakaa kule kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na ina uchachu ambao ndio hasa tui linauhitaji: mafuta ya nazi yakishaufunika ulimi, ile waini inapita na kuufungua tena. Kaka alionja, akala tonge, akaonja tena, akaiweka glasi mezani polepole. "Mdogo wangu," akasema, "hii ni kama samaki amekamuliwa ndimu mara ya pili." Wifi hanywi, yeye alikuwa na juisi yake ya ukwaju, lakini hata yeye aliomba anuse. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga. Kama tungelipa wakati huo tukaenda zetu, leo ningekuwa nawasihi muende.

Kisha akaja mbuzi wa kuchoma na rojo la ukwaju na pilipili, pamoja na chupa ya Pinotage, waini nyekundu. Aliyeileta ndiye wanayemwita mtaalamu wao wa waini, kijana wa koti jeusi. Nilipoishika ile chupa mkono ulishtuka. Ilikuwa na joto kama kikombe cha chai kilichoachwa mezani robo saa. Nikageuka nikaona ilikotolewa: rafu ya mbao iliyo juu ya dirisha la jikoni, pale pale moshi na joto la jiko la choma vinapotokea. Pembe moja ya lebo ilikuwa imebanduka na kujikunja. Nilionja. Puani ikanipanda spiriti tupu, mdomoni utamu kama wa jemu iliyochemshwa, na nilipotafuna ile nyama yenye pilipili moto ukawaka koo zima.

Nikamwambia kwa upole, na wifi ni shahidi wangu, "Samahani, naomba ndoo ya barafu. Dakika kumi na tano tu."

Akatabasamu. "Madam, waini nyekundu hunywewa joto la chumba. Ukiitia kwenye barafu unaiua."

Sasa hapa naomba mnivumilie. Kabla ya kuingia uhasibu nilifanya kazi ya baa hotelini miaka sita. Hilo "joto la chumba" ni msemo wa nyumba za Ulaya za zamani, kabla ya mabomba ya kupasha vyumba joto, na maana yake ni nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule yangu huku mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye baridi ya Julai ingefaa kabisa. Rafu iliyo juu ya jiko la choma haifai hata kidogo. Waini ikipata joto, kileo ndicho kinachotangulia kila kitu, na kileo kikikutana na pilipili kinauchochea ule muwasho. Ule ukakasi wa waini nyekundu, unaokausha ufizi, ndio unaofanya kazi na nyama kwa sababu mafuta na nyama yenyewe huulainisha. Lakini hakuna atakayeusikia ukakasi wala tunda wakati mdomo unaungua. Haya si mambo ya siri. Mtu aliyevaa koti la kazi hiyo ayajue, na kama hayajui basi amsikilize mteja aliyeshika chupa mkononi.

Hata hilo ningelisamehe. Waini ikiharibika ni waini tu.

Kaka, kwa kutaka kunipunguzia hasira, akasema, "Basi mwanangu, mimi niletee Tusker baridi, nitamalizia nayo hii nyama." Yule kijana akacheka. Alicheka kwa sauti, na meza ya pili wakageuka. "Mzee, Tusker ni ya choma base huko mtaani. Hapa tunajaribu kuinua ladha ya wateja wetu."

Kaka yangu hakujibu. Aliangalia mikono yake. Ana kovu la msumeno kwenye kidole gumba cha kushoto, alilipata mwaka ule ule niliokuwa kidato cha tatu, na akawa analisugua kwa kidole kingine taratibu. Namjua. Hufanya hivyo anapoona aibu. Mimi nimeandika maneno yote haya kwa sababu ya kile kidole.

Ladha gani hiyo ya kuinuliwa? Bia ya leja iliyo baridi na mbuzi wa kuchoma ni ndoa iliyokubalika zamani, na ina sababu zake. Mapovu yanasugua mafuta ulimini, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakata utamu wa nyama iliyoungua pembeni, na kileo chake ni kidogo kiasi kwamba hakichochei pilipili. Mwanamume aliyekula choma Mombasa na Nairobi kwa miaka thelathini alijua kwa mdomo wake kitu ambacho yule wa koti hakukijua kwa vitabu vyake. Halafu bia yenyewe wanaiuza! Iko kwenye friji lao, tembo wa kwenye lebo nilimwona tangu tulipoingia.

Aliyetuokoa ni msichana aliyekuwa anahudumia meza za dirishani. Hatukumwita. Alikuja na ndoo yenye barafu na maji, maji pia, kwa maana barafu peke yake haiigusi chupa pande zote na inachelewa kupoza, na mkono wa pili ameshika Tusker iliyotoka ukungu. "Shikamoo baba," akamwambia kaka, "pole sana. Karibu." Kaka akaitikia marahaba na nikaona mabega yake yakishuka.

Na hapa ndipo hasira yangu inapochanganyikiwa. Baada ya robo saa ile Pinotage ilikuwa kinywaji kingine kabisa. Spiriti imetulia, moshi wa zabibu ukakutana na moshi wa nyama, na ule ukakasi ukashika mafuta ya mbuzi vile inavyotakiwa. Chaguo lilikuwa sahihi, lazima nikiri. Yule kijana, au yeyote aliyepanga ile orodha, anajua kuoanisha. Kwa hiyo tulinyimwa raha iliyokuwa tayari mezani kwa sababu tu ya ukaidi wa mtu mmoja na ndoo moja ya barafu.

Meneja alikuja mwishoni, akasema watalishughulikia. Kwenye risiti waliandika ada ya huduma kama kawaida. Niliomba iondolewe, akaniambia mashine haikubali. Nikalipa kwa M-Pesa kila senti, kisha nikampa yule msichana chake mkononi, mbele ya meneja.

Nimejaribu kutoa alama na nimeshindwa. Jikoni ningewapa zote bila kufikiri. Chenin na changu, zaidi ya zote. Huduma sifuri, halafu namkumbuka yule msichana na sifuri inakuwa uongo. Nikisema nendeni, nitakuwa nimempeleka baba wa mtu mwingine akachekwe. Nikisema msiende, nitakuwa nimewanyima samaki ambaye sijala mfano wake tangu nihamie huku. Basi nabaki na neno langu la mwanzo, mimi sirudi, mpaka yule kijana amwombe kaka yangu radhi.

Jana usiku kaka amenipigia simu. Habari za watoto, habari za mbao zilizopanda bei, kisha akanyamaza kidogo. Akasema Desemba watakuja tena, na kama nitaweza, tukale pale, ila tukae kwenye meza za dirishani kwa yule binti.

Sijamjibu.