Mombasa na Malindi mbele ya Wareno

Aprili 1498 baharia Mreno Vasco da Gama alipotia nanga pwani yetu, Mombasa ilimshuku. Malindi, hasimu wa Mombasa kibiashara, ilimkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut, India.

Mombasa iliumia zaidi. Mwaka 1505 askari wa kamanda Mreno Francisco de Almeida walipigana vichochoroni, wakapora nyumba kwa nyumba, wakauchoma mji. Ulichomwa tena baadaye, na kila mara wenyewe walirudi kujenga. Malindi haikuguswa.

Hata hivyo, mimi siuoni urafiki ule kuwa uliifaa Malindi kwa muda mrefu. Wareno walipoanza kujenga ngome ya Fort Jesus mwaka 1593, walihamishia makao yao Mombasa, penye bandari bora. Sultani wa Malindi naye akahamia huko, na mji wake ukafifia.