Masega mapya yameyeyuka, na muuzaji ananitolea mdomo

Niliweka nyota moja, nikaifuta, nikaweka tatu. Bado roho inakataa.

Masega haya ya ekzosi, yaani kichocheo kinachosafisha moshi wa gari, yalikaa wiki chache tu, taa ya injini ikarudi na P0420 ileile, msimbo wa kompyuta ya gari unaosema kichocheo hakisafishi moshi vya kutosha. Kuyarudisha dukani, muuzaji hata kopo la chuma linaloyabeba hakulishika. "Masega hayafi, yanauawa. Kamuulize fundi wako," akasema, macho kwenye simu. Mteja anajibiwa hivyo?

Kopo likapigwa grainda. Sega zima ukilielekeza kwenye mwanga linatakiwa lionyeshe vitundu vyake vyote. Hili, uso wa mbele umeyeyuka na kugandamana kama nta. Sasa, kauri iliyotengenezea sega inahitaji zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi ndipo iyeyuke, na moshi wa injini nzima haufiki huko. Kinachofika ni petroli mbichi. Silinda ikimisi, yaani ikikosa kuwasha, petroli na hewa yake vinatoka bila kuungua, vinakutana na platinamu na paladiamu zilizopakwa kwenye kuta za sega, vinaungulia humohumo. Kichocheo kazi yake kupunguza nishati inayohitajika mmenyuko uanze. Hakichagui umekiletea kidogo au ndoo nzima. Ndiyo maana taa ya injini ikiwa inapepesa, si kuwaka tu, unatoa mguu kwenye mafuta na kusimama. Dakika chache zinatosha kuua masega.

Na koili ya kuwashia silinda ya 3 ilikuwa inakatakata. Kwa hiyo yule jeuri alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Lakini boksi halina hata kikaratasi! Mistari minne ingetosha. Kabla ya kufunga masega mapya, soma hesabu ya kumisi ya kila silinda kwenye mashine ya kupimia kompyuta ya gari. Tafuta uvujaji wa ekzosi karibu na sensa ya oksijeni, maana hewa ya nje inaidanganya. Injini ikishapata moto, iweke kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika uangalie voti: sensa ya mbele ya sega, kama ni ya aina ya kawaida, irukeruke kati ya 0.1 na 0.9, ya nyuma ya sega itulie karibu na 0.6 au 0.7. Ya nyuma ikianza kuiga ya mbele, basi oksidi ya seri iliyomo kwenye sega imeshindwa kutunza oksijeni, na hapo ndipo P0420 inapozaliwa. Usipime injini ikiwa baridi. Chini ya nyuzi 250 hivi sega bado limelala, utalihukumu bure.

Injini inayokula oili nayo iponywe kwanza. Fosforasi ya oili inafunika kichocheo polepole, bila kuyeyusha chochote, na ukilitazama sega kwa macho utaapa ni zima.

Haya, nusu ya nyuma ya sega ilibaki safi, vitundu vimenyooka, mkeka unaolishika ndani ya kopo haujalegea. Kazi nzuri, nakiri. Nyota nne kwa sega, sifuri kwa mdomo wa muuzaji.

Hapana, rudisha moja. Gasketi waliyotia kwenye boksi matundu yake hayakai sawa na boliti za flanji, ilibidi kupanuliwa kwa tupa, na pale pale ndipo moshi ulipokuwa unapenya.