Walimnyamazisha shangazi yangu ndani ya nyumba aliyowahi kuifanyia kazi

Sitaandika habari za kiingilio wala saa za kufungua. Hayo yamo kwenye bango lao barabarani, kila mtu atayasoma mwenyewe. Naandika kwa sababu nina hasira, na kwa sababu hasira hiyo naiona ina haki.

Nyumba yenyewe ni moja ya zile za Wahindi mjini Jinja, Uganda, zenye mwaka wa kujengwa uliofinyangwa kwa saruji juu ya mlango: mbele duka, nyuma makazi, katikati ua. Sasa wameigeuza makumbusho. Likizo ya Agosti ikifika na watoto wakiwa nyumbani, huandaa mazungumzo ya historia Jumamosi alasiri. Viti vya plastiki vinapangwa barazani, chai inatoka na kabalagala za moto, zile chapati ndogo za ndizi, msemaji anasimama, mwisho watu wanazungushwa vyumbani. Wazo zuri mno. Jinja tunabomoa majumba ya namna hii kila kukicha ili tupate maduka ya vioo, kwa hiyo anayeamua kuitunza moja na kuieleza kwa watoto mimi namwombea heri. Niliposikia kwamba mada ya siku hiyo ni biashara ya Wahindi wa Jinja tangu mwanzo hadi 1972, mwaka Idi Amin alipowafukuza, nilimpigia shangazi simu papo hapo.

Shangazi alikuwa yaya kwenye nyumba hiyo hiyo. Babu alitoka upande wa Kenya kufuata kazi za viwandani, wakakaa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi hapo Jinja, na Walukuba ya wakati huo Mluo, Mluhya, Msoga na Mnubi walielewana kwa Kiswahili. Shangazi alipata kazi mjini akiwa msichana bado, akamlea mtoto wa mwisho wa tajiri hadi familia ilipoondoka. Tangu hapo hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Siku hiyo alivaa gomesi lake la harusi na sikukuu, mkoba mkononi, na njia nzima kwenye bodaboda alikuwa akinitajia nani alikaa mlango upi.

Msemaji alianza vizuri, sitamnyima haki yake. Alianza na Allidina Visram, yule aliyetoka Kutch akiwa kijana, akafikia Bagamoyo kufanya kazi kwa mfanyabiashara Sewa Haji, kisha akafuata njia za misafara kuelekea bara akifungua duka hapa na duka pale, mpaka maduka yake yakaenea Uganda, Jinja ikiwemo. Alipofariki mwaka 1916 jina lake lilijulikana kutoka pwani hadi huku kwenye chanzo cha Nile. Akaingia kwenye pamba. Akaeleza kwamba reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa mwaka 1912, miaka mingi kabla ya treni ya kutoka Mombasa kuvuka Nile, kwa kuwa daraja la reli lilikuja mwaka 1931. Kwa hiyo pamba ilishuka kwa kipande kile cha reli hadi gatini Jinja, ikapakiwa melini, ikavuka ziwa hadi Kisumu, na huko ndiko ilikokutana na treni ya pwani. Watoto waliokaa mbele walikuwa kimya, kabalagala mkononi haziliwi. Nikasema moyoni, hapa nitaleta wanangu kila likizo.

Halafu tukaingia ndani.

Kwenye baraza ya ndani, ile inayotazama ua, kuna boriti nene ya mvule, na juu yake zimepigwa kulabu mbili za chuma, zimeachana kama hatua moja ndefu. Chini yake wameweka kibao cha maelezo. Msemaji akazinyooshea fimbo, akasema hapo ndipo palipotundikwa mizani ya kupimia pamba.

Shangazi akacheka. Nataka mwelewe kicheko kile: kilikuwa cha furaha, cha mtu aliyeona kitu chake baada ya miaka hamsini. Akanyanyua mkono, akasema kwa Kiswahili, "Hapana mwanangu, hiyo ilikuwa bembea. Bembea ya mama mwenye nyumba. Jioni alikaa hapo na mtoto, mimi nasukuma."

Msemaji hakumtazama. Alinyoosha kiganja kama trafiki anayesimamisha teksi, akasema maswali ni mwishoni, na ni kwa Kiingereza. Kisha akawageukia wengine, akaongeza: "Hapa si kambini."

Watu kadhaa wakacheka.

Nilisimama nikaeleza kwa Kiingereza nani anasema na anasema nini. Jibu lake: wao wana nyaraka. Hakutuonyesha nyaraka yoyote. Akaendelea na chumba kinachofuata, na umati ukamfuata, shangazi akabaki chini ya boriti ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Kwa msomaji asiye wa Uganda, neno "kambini" lina historia, na si historia ndogo. Kiswahili hapa kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kikabaki jeshini wakati wa Amin, na katika utawala wa pili wa Obote watu wa Kampala walisikia "panda gari" kutoka kwa wanajeshi waliokuwa wakizingira mitaa na kuwasomba raia kwenye malori. Wapo ambao hawakurudi. Mzee wa Luwero au wa Kampala akishtuka kusikia lugha hii, mimi nitanyamaza na kumheshimu. Lakini msemaji huyu ni kijana. Hajapandishwa lori na mtu. Waliocheka nao ni vijana, baadhi yao wageni kutoka Nairobi wanaoamka na kulala na Kiswahili! Na katiba yetu tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wale waliokaa mbele ndio watakaofundishwa. Wamejifunza nini siku ile?

Tena hebu tufikiri. Allidina Visram aliyemsifu kwa nusu saa nzima alianzia Bagamoyo. Alifanya biashara Bagamoyo kwa lugha gani? Wapagazi wake aliwaamuru kwa lugha gani? Na katika nyumba hii, tajiri alimwitaje mpishi, mama mwenye nyumba alimwambiaje dobi kwamba shuka halijatakata, fundi cherehani wa barazani alikubalianaje bei na mteja? Kilikuwa Kiswahili cha jikoni, kimevunjikavunjika, sawa. Lakini kila neno lililovuka kutoka vyumba vya mbele kwenda vya nyuma lilivukia humo. Shangazi anajua Kisoga vizuri, anaongea Kiganda sokoni. Ila yaliyotokea ndani ya kuta zile yalimtokea kwa Kiswahili, ndivyo alivyoyahifadhi na ndivyo yanavyotoka. Ukimwambia aseme kwa Kiingereza umemwambia asiseme.

Na kuhusu hiyo mizani. Mizani ya kutundika hutaka kulabu moja. Bembea ndiyo hutaka mbili. Halafu nani atapima pamba, na vumbi lake na mbegu zake, kwenye baraza ya ndani wanapokaa wanawake wa nyumba? Pamba ilipimwa kwenye ghala na kwenye kiwanda cha kuchambulia. Nilisogea nikazitazama kulabu zile kwa karibu. Kwa juu chuma bado ni kinene na kimefunikwa rangi, lakini kwa ndani, pale mnyororo ulipokaa, kimelika mpaka kimekuwa chembamba, na kulika kwenyewe ni kwa kwenda mbele na nyuma, kumeacha mfereji laini. Kitu kiliyumba pale jioni baada ya jioni kwa miaka. Anayeongoza wageni pale kila wiki amepita chini ya kulabu hizo mara ngapi bila kuinua kichwa?

Muda wa maswali ulipofika walisema wamechelewa. Shangazi hakuitwa.

Tulikuwa tunatoka nilipomsikia askari wa getini anasema, "Shikamoo mama." Kijana wa upande wa Arua, Kiswahili chake safi. Akasema alisikia yote, akaomba radhi kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma, akaleta kiti. Kisha akatuuliza kama tungependa kuona nyuma, kwa sababu nyuma wageni hawapelekwi.

Ndiyo, hawapelekwi. Vyumba vya watumishi vimegeuzwa stoo: mifuko ya saruji, ndoo za rangi, viti vya plastiki vya ziada. Jiko la nje lina masizi ukutani bado. Shangazi alisimama pale akaanza kutaja bila kuulizwa: sigiri mbili zilikaa hapa, ya chapati na ya mboga, na zisichanganywe, hapa mtungi, hapa mpishi alilala, mtu wa Bugiri, mkali sana, hapa mimi. Kitanda chake kilikuwa mahali palipo na ndoo za rangi sasa.

Akaeleza pia Agosti ile. Amin alipotangaza mjini Tororo, tarehe 4 Agosti 1972, kwamba Wahindi waondoke, na siku 90 zikaanza kuhesabiwa, nyumbani mwanzoni hawakuamini. Tajiri alisema itapita. Baadaye mama mwenye nyumba akaanza kugawa vitu kidogo kidogo, leo sufuria, kesho pasi. Bembea hakuigawa, kwa sababu mtoto hakulala bila kubembezwa. Familia ilipoondoka walikuja wanajeshi na lori, wakabeba kabati, vitanda, na ubao wa bembea pamoja na minyororo yake. Basi ndiyo maana zimebaki kulabu tupu. Majumba mengi ya namna hii yaliingia chini ya bodi ya kutunza mali za Wahindi waliofukuzwa, yakapangishwa watu, kisha yakapangishwa na wengine. Sheria ya 1982 ndiyo iliyofungua njia ya kuyarudisha, na mengi yalirudi kwa wenyewe miaka ya 1990. Kufikia hapo nani angekumbuka bembea? Yaya angekumbuka. Alikuwa amesimama mbele yao amenyanyua mkono.

Askari alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maswali ya maana kuliko yote yaliyoulizwa barazani siku ile, likiwemo jina la mtoto.

Nilipofika nyumbani niliandika neno moja: msiende. Kesho yake nikalifuta. Nusu saa ile ya kwanza ilikuwa nzuri kweli, nyumba ni nzuri, na kama hamjawahi kueleza watoto wenu kwa nini Jinja ilikuwa mji kabla ya bwawa la umeme la 1954, hapo wataeleweshwa. Kwa hiyo nendeni. Lakini kila nikiandika "nendeni" namwona shangazi chini ya boriti ile na mkoba wake, na mkono unagoma. Niliwapigia simu ofisini. Dada aliyepokea alikuwa na adabu, akachukua namba, akasema watanirudia. Hawajanirudia. Rafiki yangu alipita pale juzi juzi, kibao bado kinasema mizani.

Sitawapa alama nzuri mpaka kibao kibadilike na stoo ile ifunguliwe. Askari yule, kama wakubwa wake wanasoma hapa, mpandisheni cheo, au mpeni fimbo ya kuongozea wageni.

Wametangaza mazungumzo mengine likizo ijayo, na mada ni 1972 peke yake. Mimi sikutaka hata kumwambia shangazi, akaambiwa na jirani. Anasema ataenda, na safari hii hatasubiri kunyanyua mkono. Nimeshaongea na mwenye bodaboda.