Kabati gani linafaa nyumba ya watu wengi? Ninavyoyapanga baada ya masika kumi ya Unguja

Ramadhani ikikaribia, Darajani na Mwanakwerekwe hujaa watu wanaotafuta kabati. Nyumba inafagiliwa mpaka uvunguni, kuta zinapakwa rangi, nguo zinatolewa nje, halafu mtu anasimama katikati ya ukumbi hajui azirudishe wapi. Haraka hiyo ndiyo inayotuponza. Nyumba yetu ya Fuoni ina watoto watano na mama mkwe, na mgeni hakosi. Kwa miaka kumi nimeshanunua karibu kila aina ya kitu cha kuwekea vitu, na sasa naviangalia vyote kwa jicho moja: kitastahamili unyevu? Hewa yetu ina chumvi ya bahari, masika hutushika kuanzia Machi mpaka Mei, vuli hurudi Oktoba, na walioko Mji Mkongwe wanajua zile kuta za mawe na chokaa zinavyonyonya maji.

Kabla hujatoa hata shilingi, tandika mkeka ukumbini umwage kila kitu. Sisi tulikuta sare za skuli za mtoto aliyekwisha kuwa mrefu kuliko mimi, na doti sita za kanga ambazo hazijakatwa. Kipimo changu ni sikukuu: nguo iliyopitwa na sikukuu mbili haijavaliwa inakwenda kwa jamaa shamba. Rundo likishapungua ndipo uchukue tepu upime. Kanzu na buibui za mtu mzima zinataka kimo cha kama sentimita 150 kutoka kwenye fimbo, na kina cha 60 ili hanga zisigonge mlango. Kimo cha shelfu ya nguo za kukunja kisizidi sentimita 35, maana rundo refu huporomoka mtoto anapovuta fulana ya chini.

Namba moja: kabati la mbao la fundi

Hili nalitanguliza bila ya kusita, ingawa ndilo linalotaka pesa nyingi na subira. Mfenesi ni mbao ya hapa hapa. Unatoka kwa fundi na rangi ya manjano, na kadiri miaka inavyokwenda unaiva kuwa hudhurungi. Mchwa hausumbui sana. Mvule pia ni mzuri ukiupata.

Nenda karakana mwenyewe, na uende kabla fundi hajaanza kazi. Mwombe akuoneshe mbao zenyewe. Zilizokaushwa vizuri hupangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Ukizikuta zimelaliana chini sakafuni, zitapinda ukiwa umeshazilipia. Tazama pembeni mwa ubao: ile sehemu nyeupe karibu na gome ndiyo bungua wanayoipenda. Mwambie aikate, naye asikwambie rangi itaificha. Agiza milango yenye mbao za luva au matundu, miguu ya sentimita 10, na mgongo wa mbao, usiwe plaiwudi nyembamba. Bawaba ziwe za shaba, kwani za chuma cha kawaida hushika kutu mapema zikatia madoa kwenye nguo nyeupe.

Jambo moja wengi hulisahau: ngazi. Kwa wanaokaa majumba ya Michenzani, au ghorofa ya pili Mji Mkongwe, kabati zima halipiti. Lifungwe kwa bolti lipande vipande vipande. Na arubuni itolewe kwa mafungu, ikiandikwa, pamoja na siku ya kumaliza.

Namba mbili: maboksi ya plastiki yenye kifuniko

Chagua yanayoonesha ndani na yenye vibanio pande zote mbili. Kwa vyeti vya kuzaliwa, hati za kiwanja na mashuka ya wageni sijaona kinachoyashinda, kwani makombamwiko hayaingii. Pima uvungu wa kitanda kwanza. Hatari yake ni kwamba ukifungia nguo yenye ubichi hata kidogo, unalea kuvu. Anika juani, iache ipoe, ndipo ufunge.

Namba tatu: vikapu vya ukili

Kwa watoto wadogo hivi vinashinda kabati. Mtoto wa miaka minne hawezi kutundika nguo, lakini kutupia kapuni anaweza. Sisi tuna kimoja mlangoni cha viatu na kimoja cha vitu vya chuo cha Kurani: juzuu juu, kofia na mitandio chini. Asubuhi hakuna anayeuliza kitu kiko wapi. Bei ni nafuu na pesa inabaki kwa mama aliyesuka. Usiviweke tu kwenye sakafu yenye maji.

Namba nne: sanduku la misumari ya shaba

La bibi, kama unalo, usiliuze. Kanga na nguo za harusi hukaa humo vizuri. Kulinunua leo ni kwa mapambo zaidi, na mengi yanayouzwa kwa watalii kama ya kale ni mapya.

Namba tano: kabati la unga wa mbao

Haya ya MDF na chipbodi yanavutia dukani: meupe, yana kioo, yanafika siku hiyo hiyo. Nililinunua moja, muuzaji akaniapia kwamba halipati maji. Masika ya pili nikaona sehemu ya chini imevimba kama andazi lililochovywa kwenye chai, ule ukaratasi wa juu umebanduka. Nilipofungua, kanzu ya Ijumaa ya mume wangu ilikuwa na vidoadoa vyeusi mabegani, na juu ya kuosha mara tatu havikutoka. Nililia, kwa sababu ile kanzu alipewa na marehemu baba yake. Ukilazimika kulinunua, liwe na miguu ya chuma, na kingo zote, hata za chini usizoziona, ziwe zimezibwa. Papasa kwa kidole. Ukihisi ukavu wa unga, liache.

Mwisho: kabati la kitambaa

La mabomba na zipu. Mwanafunzi aliyepanga chumba Tunguu linamfaa. Nyumba ya familia litalala ubavu ndani ya mwaka mmoja.

Lolote utakalochukua, liache mbali na ukuta kwa upana wa vidole vinne, na lisikae kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Tia kifuko cha karafuu kavu kila shelfu. Mvua zikikatika mwezi wa Juni, chagua siku ya jua, fungua milango yote tangu asubuhi, toa nguo zote, na usizirudishe mpaka mbao zikauke na uzifukize udi.