Miezi saba na treni ya muda ya Roosevelt Island: uzoefu wangu

Sisi tunaofanya kazi Roosevelt Island, kisiwa chembamba kilichopo katikati ya East River jijini New York, mlango wetu mkuu wakati ule ulikuwa treni ya F, ya reli za chini ya ardhi. Kuanzia tarehe 28 Agosti 2023 hadi mwisho wa Machi 2024 mlango huo ulikuwa nusu wazi. Handaki la 63rd Street lilitakiwa kubadilishwa reli, kwa hiyo F ikahamishiwa kwenye njia ya treni ya E inayopita 53rd Street, nasi tukawekewa treni ya muda yenye vituo vitatu tu: Lexington Avenue/63rd Street, Roosevelt Island na 21st Street-Queensbridge. Inakwenda, inafika mwisho, inarudi. Kila baada ya dakika 20.

Naandika haya kwa sababu reli za mji huu ni kuukuu na kufungwa kwa njia hakuishi. Leo huku, kesho kule. Ndugu zangu mtakaokutana na treni za namna hii mjue cha kutegemea.

Treni yenyewe niliipenda. Ukisikia dakika 20 unaona ni nyingi, na kweli ni nyingi kwa mtu aliyezoea F ya kawaida. Lakini saa moja ina dakika 60, kwa hiyo treni inayopita kila dakika 20 inapita dakika zilezile saa baada ya saa. Ukishazijua dakika tatu za kituo chako, umemaliza. Wenzangu wa zamu walizikariri wote, na jioni ungesikia mtu akiuliza, "Tunaiwahi ya saa ngapi?" badala ya kuuliza kama treni ipo. Kwangu utulivu huo ulikuwa na thamani kuliko kasi. Siku za F ya kawaida nilikuwa nashuka tu, nikamwachia Mungu.

Jambo la kuzingatia ni kina cha kituo. Kituo cha Roosevelt Island kiko chini sana, kama mita 30, na ngazi za umeme zinateremka ngazi baada ya ngazi mpaka unahisi ubaridi wa chini. Anayesukuma mtu kwenye kiti cha magurudumu hutegemea lifti, na lifti ina foleni yake. Kisiwa hiki kina wazee wengi na watu wengi wenye ulemavu, mimi mwenyewe kazi yangu ni kuwahudumia. Kwa hiyo dakika za kushuka lazima uzihesabu. Nimeshuhudia mama wa makamo akimfikisha baba yake ukingoni mwa jukwaa, milango ikafungwa mbele ya magurudumu ya kiti. Mzee alikuwa na miadi ya daktari. Kwa kijana, kukosa treni moja ni kuchungulia simu. Kwa mzee yule ni dakika 20 za baridi na wasiwasi.

Sasa upande wa Queens, ng'ambo ya mashariki ya mto, ambako ndiko ninakoishi. Hapo ndipo pana lawama yangu. Zamani nilipanda F pale Jackson Heights, kituo kinachofuata ni Queensbridge, kingine ni kisiwani. Vituo viwili tu! Wakati wa ujenzi ikawa hivi: treni hadi Queens Plaza, kupanda juu barabarani, basi la Q94 hadi Queensbridge, kushuka tena chini, halafu treni ya muda kwa kituo kimoja. Basi lilikuwa la bure, na hilo nalishukuru. Ila basi hutii barabara, na Queens Plaza ndipo magari ya Queensboro Bridge yanapobanana asubuhi. Treni ilifuata ratiba, basi likafuata foleni. Basi likichelewa dakika mbili tu, treni imeshaondoka. Kama kungekuwa na mtu wa kuishikilia treni kidogo abiria wa basi washuke, nusu ya manung'uniko yangekwisha.

Baada ya muda niligundua kwamba siku za mvua ni afadhali Q102, basi la kawaida lililopita Queens Plaza na kuvuka daraja dogo hadi kisiwani. Ulilipa nauli, ndiyo, lakini ulikaa kitako mpaka mwisho wa safari.

Wa Manhattan, ng'ambo ya magharibi, walipata nafuu, kwa sababu Lexington/63rd ni kituo cha treni ya Q pia. Kuna pia kile kigari cha kebo kinachopita hewani tangu 1976, kwa nauli ileile ya treni. Kinapendeza kweli, ila watalii wanakipenda pia, na foleni ya 59th Street si ya mtu mwenye magoti mabovu.

Kitu kimoja kilinivutia. Handaki hili lilipofunguliwa Oktoba 1989, mwisho wake ulikuwa Queensbridge, watu wakaliita handaki lisilokwenda popote. Lilikuja kuunganishwa na njia kuu ya Queens mwaka 2001. Kwa hiyo kwa miezi saba tulirudishwa kwenye ramani ya zamani. Naunga mkono kazi ile: reli zikichoka hazibembelezwi, na ni heri treni ndogo inayopita kuliko kuachiwa mabasi pekee.

Treni naipa nyota nne kati ya tano. Muunganiko wa Queens naupa mbili. Ukitangaziwa treni ya muda mahali unapopanda, usianze kwa kuuliza inapita kila baada ya dakika ngapi. Uliza unafikaje kwenye kituo chake cha kwanza, pana lifti au hapana, na usiku wa manane inakuwaje. Kwetu, usiku treni ililala na basi ndilo lililofika mpaka kisiwani. Wenzangu wa zamu ya usiku walilijua hilo mapema, na hawakuachwa.