Kebo ya HDMI au ya DisplayPort kwa skrini ya pili yenye michirizi?
Kabla ya kununua kebo, badilisha nyaya za skrini zako mbili, upande wa skrini tu. Michirizi ikihamia skrini nyingine, shuku kebo au tundu la kadi ya grafiki. Ikibaki palepale, skrini ndiyo mbovu.

Kwa bei na upatikanaji, HDMI inashinda, na hata runinga inaipokea. Ila HDMI 1.4 inaishia hezi 30 (picha 30 kwa sekunde) kwenye 4K (pikseli 3840×2160). DisplayPort 1.2 inafika hezi 60, na plagi zake nyingi zina kifungio, hazilegei meza ikisukumwa. Jihadhari na kebo duni za DisplayPort zilizounganisha pini ya 20: umeme wa skrini hurudi kwenye kompyuta, ikagoma kuwaka.

Una skrini mbili za 1080p (pikseli 1920×1080)? HDMI yatosha. Za 4K? DisplayPort ya mita 2.