Kumwazima mtu gari: kwa shughuli yake au yako?
Rafiki akiazima gari kwenda harusini kwao akagonga mtu, dhima ni yake. Mwaka 1972, katika kesi ya Morgans na Launchbury, Malodi wa Uingereza, mahakama ya juu kabisa huko wakati huo, walimwachia mke mwenye gari: mumewe alikwenda nalo kunywa, akampa mwenzake usukani, wakagonga basi. Ruhusa tupu haimfungi mwenye mali.

Mwambie "ukirudi nibebee mifuko miwili ya saruji" na mambo yanageuka. Sasa ni wakala wako, yaani anaendesha kwa niaba yako. Mnadaiwa wote, hata safari ikiwa nusu yake nusu yako. Mahakama za Kenya, tena, huanza kwa kudhania dereva ni wakala. Kukanusha ni kazi yako, kwa hiyo tunza meseji inayotaja tarehe na shughuli.

Ukimpa funguo ananuka pombe, unabanwa kwa uzembe wako mwenyewe, safari iwe ya nani.